Kabla Hujatia Saini Mkopo, Tazama Mnada wa Alhamisi

Kila Alhamisi saa nane mchana, Benki Kuu ya Kenya hufunga maombi ya wale wanaotaka kuikopesha serikali kwa muda mfupi. Mabenki, hazina za pensheni, kampuni za bima na watu binafsi huwa wameshaandika kiasi walicho nacho, na wale wakubwa huandika pia riba wanayoitaka. Benki Kuu huanza na aliyeomba riba ndogo, ikapanda hadi itosheke, kisha hukata. Wastani wa riba zilizokubaliwa ndio hutangazwa. Nambari hiyo ndiyo ningemwomba kila mkaazi wa Kitui na Makueni aijue kabla ya kuketi mbele ya afisa wa mikopo, kabla ya kuamua pesa za mavuno zilale wapi, na hata kabla ya kuomba zabuni ya kaunti.

Serikali ndiyo mkopaji mkubwa kuliko wote nchini, na benki huiona kuwa mkopaji asiyehitaji kufuatwafuatwa. Ukienda soko la Kabati siku ambayo lori la mnunuzi mkubwa limeegeshwa na analipa vizuri, mchuuzi mdogo hawezi kupata ndengu kwa bei ya chini kuliko ile ya lori. Pesa nazo ni hivyo hivyo. Benki ikiwa inapata asilimia 16 kwa serikali bila kusumbuka, haitakukopesha wewe mwenye pikipiki mbili na shamba lisilo na hati miliki kwa asilimia 14. Itaanzia pale pale kwenye 16, ipande.

Hati zinazouzwa kwenye mnada huo huitwa hati za hazina, nazo ni za siku 91, siku 182 na siku 364. Anayeikopesha serikali hatoi kiasi kamili. Hutoa pungufu, kisha siku ya kuiva hulipwa kamili. Tuseme unataka hati ya siku 91 yenye thamani ya shilingi 100,000. Riba ikiwa asilimia 16 kwa mwaka, utatoa takriban shilingi 96,164, na faida yako ni 3,836. Riba ikiwa asilimia 8, utatoa 98,045 hivi, na faida ni 1,955. Hapo kodi ya asilimia 15 ya faida hukatwa moja kwa moja. Sikuchagua 16 na 8 kwa kubahatisha. Hizo ndizo nambari ambazo Kenya imepitia kati ya mwaka 2024 na 2025, na aliyeelewa kilichozishusha ameelewa sehemu kubwa ya habari ya riba.

Turudi Oktoba 2022. Mfumko wa bei ulifika asilimia 9.6, na hati ya siku 91 ilikuwa ikilipa takriban asilimia 9. Maana yake, aliyeikopesha serikali alirudishiwa pesa zinazonunua unga mchache kuliko zile alizotoa. Hakuna mwenye akili anayekubali hasara hiyo kwa muda mrefu, kwa hiyo wakopeshaji walianza kudai zaidi. Wakati huo huo Marekani ilikuwa inapandisha riba zake, dola zikawa zinarudi kwao, na shilingi ikadhoofika kutoka takriban 123 kwa dola mwanzoni mwa 2023 hadi kama 160 Januari 2024. Juu ya yote, deni la dola bilioni 2 lililokopwa mwaka 2014 katika masoko ya nje lilikuwa linaiva Juni 2024, na watu waliogopa kwamba Kenya haitaweza kulilipa. Hofu ina bei yake. Februari 2024 serikali ilitoa hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu kwa riba ya asilimia 18.46. Ilitaka shilingi bilioni 70, ikaletewa zaidi ya bilioni 280, ikachukua takriban bilioni 241. Mwezi huo huo ilikopa dola bilioni 1.5 nje kwa asilimia 9.75 ili ianze kulipa lile deni la 2014. Hofu ikapungua, shilingi ikarudi hadi karibu 130, na mfumko wa bei ukashuka.

Mfumko unaposhuka, Benki Kuu hupata nafasi. Kamati yake ya Sera ya Fedha hukutana kila baada ya miezi miwili hivi na kupanga riba ya msingi, ambayo huyaongoza mabenki yanapokopeshana yenyewe kwa yenyewe. Lengo lililowekwa na serikali ni mfumko wa asilimia 5, ukiruhusiwa kupanda au kushuka kwa 2.5. Kamati ilipandisha riba ya msingi hadi asilimia 13 Februari 2024 ili kuilinda shilingi. Kuanzia Agosti mwaka huo ilianza kuipunguza kidogo kidogo, ikafika asilimia 9 Desemba 2025. Hati ya siku 91 nayo ikateremka hadi karibu asilimia 8.

Sasa linganisha na mikopo ya watu. Wastani wa riba za mabenki ulikuwa kama asilimia 17 mwishoni mwa 2024. Mwaka mmoja baadaye ulikuwa umeshuka hadi karibu asilimia 15 tu. Tangu kilele cha 2024, riba ya serikali ilikatika nusu, yako ikapungua pointi mbili. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu ndilo linalowaumiza wafanyabiashara wetu wa Wote na Mwingi: riba hupanda haraka na hushuka polepole, na anayenyamaza ndiye hushushiwa mwisho. Kama ulichukua mkopo wa riba inayobadilika mwaka 2024, andika barua kwa benki yako. Uliza riba yako ni ngapi leo, ilibadilishwa lini mara ya mwisho, na kwa nini. Ni haki yako.

Kanuni mpya za Benki Kuu zinakusaidia. Kuanzia tarehe 1 Desemba 2025, mikopo mipya ya shilingi yenye riba inayobadilika ilitakiwa kuhesabiwa kutoka kwa wastani wa riba ambayo mabenki hukopeshana usiku mmoja, unaoitwa KESONIA, kisha benki iongeze sehemu yake. Mikopo ya zamani ilipewa hadi mwisho wa Februari 2026 kuhamia utaratibu huo. Ile sehemu ya benki ina mambo matatu ndani yake: gharama za kuendesha mikopo, faida ya wenye hisa, na hatari ambayo benki inaiona kwako wewe. KESONIA ni sawa kwa kila mtu, awe Kitui au Westlands. Kwa hiyo mabishano yako na afisa wa mikopo yawe juu ya hiyo hatari. Wewe una rekodi ya miaka mitatu ya kulipa sako bila kukosa? Una taarifa za M-Pesa za duka zinazoonyesha mauzo ya kila siku? Zipeleke. Hizo hupunguza riba kuliko kulalamika.

Ukishapewa barua ya mkopo, tafuta jambo moja kabla ya yote: riba inahesabiwa juu ya nini? Hapa ndipo nimeona watu wengi wakiumia, wakiwemo walimu waliosoma hesabu chuoni. Chukua mkopo wa shilingi 300,000 wa miaka mitatu. Benki moja inasema asilimia 17, riba ihesabiwe juu ya salio linalopungua kila unapolipa. Mkopeshaji mwingine anasema asilimia 12 tu, lakini juu ya mkopo mzima, mwanzo hadi mwisho. Wengi watakimbilia 12. Kwa yule wa 17 utalipa kama shilingi 10,696 kwa mwezi, na riba yote itakuwa takriban 85,000. Kwa yule wa 12 utalipa 11,333 kwa mwezi, na riba yote itakuwa 108,000. Mkopo ulioonekana rahisi umekuzidishia gharama kwa shilingi 23,000, bei ya mifuko kadhaa ya mbolea. Sababu ni kwamba mwaka wa tatu, ukiwa umebakiwa na deni dogo, bado unatozwa riba ya pesa ulizokwisha kurudisha. Kwa hiyo usilinganishe asilimia na asilimia. Linganisha jumla ya shilingi utakazotoa, pamoja na ada ya kushughulikia mkopo, bima na gharama za wakili.

Mikopo ya simu iangalie kwa jicho hilo hilo. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012 ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Ukiuchukua tena kila mwezi kwa mwaka mzima, umelipa asilimia 90. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 2022, ilianza kwa asilimia 8 kwa mwaka mzima. Kwa shailoki anayetaka shilingi kumi kwa kila mia kila mwezi, hiyo ni 120 kwa mwaka. Vyama vingi vya akina mama hutoza hiyo hiyo kumi kwa mia, lakini riba ile hurudi kwa wanachama wakati wa kugawana, na hiyo ni tofauti kubwa mno. Kikundi chenu cha mwethya, yaani cha kusaidiana, kikiwa na nidhamu, kopa huko kwanza kwa haja ndogo za muda mfupi. Kwa kuchimba kisima au kujenga nyumba ya kupangisha, riba ya kila mwezi ya chama itakumaliza.

Wapo wanaouliza kwa nini serikali isitunge tu sheria ya kuzuia riba. Ilishatungwa. Mswada wa mbunge wa Kiambu Mjini, Jude Njomo, ulitiwa saini na Rais Uhuru Kenyatta Agosti 2016, na mabenki yakakatazwa kutoza zaidi ya pointi nne juu ya riba ya msingi. Nia ilikuwa njema na ninaiheshimu. Lakini mabenki hayakulazimishwa kukopesha. Yaliendelea kuikopesha serikali kwa wingi, na mfanyabiashara mdogo akaambiwa hafai, kwa sababu hayangeweza tena kumtoza kulingana na hatari yake. Mikopo kwa sekta ya kibinafsi ikadorora sana mwaka 2017, na watu wakasukumwa kwenye mikopo ya simu iliyokuwa ghali zaidi. Novemba 2019 kizuizi kikaondolewa. Njia ya kweli ya kushusha riba ya Wote ni serikali ipunguze njaa yake ya kukopa, na ndiyo sababu deni la taifa ni jambo la mkulima.

Mwezi Juni 2013 deni hilo lilikuwa chini ya shilingi trilioni 2. Juni 2025 lilikuwa takriban trilioni 11.8, na zaidi ya nusu yake ni deni la ndani, yaani zile hati na hatifungani. Wakopeshaji wakubwa wa ndani ni mabenki na hazina za pensheni, kwa hiyo mwenye akiba ya NSSF anaidai serikali hata kama hajui. Riba peke yake sasa inachukua karibu shilingi trilioni moja kila mwaka.

Deni si dhambi. Swali ni limekopwa kwa nani, kwa riba ya aina gani, kwa sarafu ipi, na limejenga nini. Sisi tuna mifano mitatu tunayoweza kuifikia kwa matatu. Bwawa la Thwake, mpakani mwa Makueni na Kitui ambako mto Thwake unaingia Athi, linajengwa kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika pamoja na fedha za serikali. Ujenzi ulianza 2018 na tarehe ya kukamilika imesogezwa zaidi ya mara moja. Mkopo wa aina hii huwa na riba nafuu na muda mrefu, lakini mradi ukichelewa, pesa zilizokwisha kutolewa zinaendelea kuzaa riba, na mara nyingi hata zile ambazo hazijachukuliwa hutozwa ada. Maji hayajafika Kathonzweni, saa ya deni inakimbia. Barabara ya Kibwezi, Mutomo hadi Kitui ilijengwa na Sinohydro kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Hiyo unaweza kuipima kwa macho: nauli, muda wa kufikisha mbuzi sokoni, mgonjwa wa Ikutha kufika hospitali.

Reli ya kisasa, inayopita Mtito Andei, Kibwezi na Emali, ndiyo yenye somo zito. Mwaka 2014 fedha za awamu ya kwanza zilikopwa kwa mikataba miwili ya Benki ya Exim ya China. Mmoja ulikuwa wa riba ya asilimia 2 isiyobadilika. Mwingine ulifuata riba ya dola katika soko la London, na kuongezewa pointi 3.6. Riba za dunia zilipokuwa chini, mkopo wa pili haukuonekana mbaya. Zilipopanda kuanzia 2022, malipo yakapanda nazo, na shilingi ilipoanguka yakapanda mara ya pili. Kila dola milioni moja ya deni iliyohitaji shilingi milioni 123 ikahitaji milioni 160, bila Kenya kuongeza hata senti ya mkopo. Oktoba 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi alieleza kwamba mikopo ya reli imehamishwa kutoka dola hadi yuan ya China, hatua aliyosema ingepunguza malipo kwa takriban dola milioni 215 kwa mwaka. Ukiwa unakopa kununua gari la biashara, uliza maswali yale yale: riba inabadilika au haibadiliki? Nani atabeba mzigo ikipanda? Kama faida yako ni nyembamba, lipa kidogo zaidi upate riba isiyobadilika, ulale.

Deni hilo linafika kaunti kwa njia ambayo wengi hawaioni. Kwa mujibu wa kifungu cha 214 cha Katiba ya 2010, deni la umma hulipwa moja kwa moja kutoka Hazina Kuu. Wadai hawasubiri foleni. Wanaosubiri ni wengine, na kila mwaka magavana hulalamika kwamba mgao wao umechelewa kutoka Nairobi. Kaunti yenyewe haiwezi kukopa ili kuziba pengo bila dhamana ya serikali ya kitaifa na idhini ya bunge la kaunti, kama kifungu cha 212 kinavyosema. Mgao ukichelewa, anayeumia ni kijana aliyepeleka madawati kwa zabuni iliyotengewa vijana na wanawake.

Kwa hiyo, kijana wangu, kabla ya kuomba zabuni fanya hesabu hii. Umekopa 400,000 kwa asilimia 18 ili ulipwe 450,000. Riba ni 6,000 kwa mwezi. Ukilipwa mwezi wa pili, umebaki na 38,000. Ukilipwa mwezi wa nane, umebaki na 2,000, na hujahesabu mafuta wala muda wako. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti hutolewa kila robo mwaka na huonyesha madeni ambayo kila kaunti haijalipa. Zisome, au mwombe mtoto aliye chuoni akusomee. Ongeza gharama ya kungoja ndani ya bei yako. Kama bei hiyo haitashinda zabuni, afadhali uikose.

Upande wa pili ni kuwa mkopeshaji. Zamani ilidhaniwa hati za serikali ni za wenye magari makubwa. Tangu 2023 Benki Kuu imekuwa na mfumo wa DhowCSD ambao mtu hujisajili kwa simu akiwa na kitambulisho, PIN ya kodi na akaunti ya benki ya Kenya. Huhitaji wakala, na anayekuomba pesa ili akufungulie ni mwizi. Hati ya hazina huanzia shilingi 50,000. Mtu mdogo huomba bila kutaja riba, akapewa wastani wa mnada. Anayeshinda Alhamisi hulipa ifikapo Jumatatu, na asiyelipa kwa wakati huadhibiwa, kwa hiyo pesa ziwe tayari.

Kalenda yetu ya Ukambani inaendana nayo vizuri. Mvua ya kutegemewa ni ya Oktoba hadi Desemba, na ndengu huvunwa Januari na Februari, wakati maembe ya Makueni yanamalizikia. Pesa huja kwa pamoja, kisha huyeyuka. Hati ya siku 91 iliyonunuliwa mwanzoni mwa Februari huiva mwanzoni mwa Mei, karo ya muhula wa pili ikibisha hodi. Kikundi cha watu kumi wanaoweka 10,000 kila mmoja kinaweza kufungua akaunti kwa jina la kikundi kilichosajiliwa. Msitegemee utajiri hapo. Asilimia 8, ukitoa kodi, hubaki 6.8, na mfumko wa bei ukiwa 4.5, mmeongeza nguvu ya pesa kwa pointi mbili na kitu. Lakini akaunti nyingi za kawaida za akiba hulipa chini ya mfumko, na pesa zilizolala kwenye simu hazilipi chochote.

Wenye pesa za miaka mingi, kama mstaafu aliyepata kiinua mgongo, watazame hatifungani. Aliyeweka 100,000 katika ile ya Februari 2024 alianza kupokea 9,230 kila miezi sita bila kodi, na riba za soko zimeshuka yake ikiwa pale pale. Aliyengoja amekuta mlango umepungua upana. Hata hivyo usiziweke zote huko. Ghana, Desemba 2022, iliwaambia waliokuwa na hatifungani zake za ndani wazibadilishe kwa nyingine za riba ndogo na muda mrefu zaidi, na wastaafu wakaingia barabarani kuandamana. Hati za muda mfupi hazikuguswa. Kwa hiyo pesa utakazozihitaji ndani ya mwaka mmoja ziwe kwenye hati fupi, zile za mbali zigawanye kati ya hatifungani, sako unayoijua viongozi wake, na mali inayozaa kama mbuzi au nyumba. Na usikope kwa asilimia 15 ili ununue hati ya asilimia 8, hata mtu akikuchorea hesabu nzuri namna gani.